Chupa za Bi Chemba

Wako watu wanaoujua mji kwa mbele, kwa majumba yake na vibao vya maduka. Bi Chemba aliujua kwa nyuma. Kila asubuhi alisimama na reki yake kwenye chujio la nondo, pale majitaka ya mji mzima yanapoingia mabwawani, akakokota vyote ambavyo watu wazima wenye akili zao walikuwa wamevitupa chooni: soksi, nepi, vijiko, mifuko, kichwa cha ufagio, na siku moja meno ya bandia, ya juu na ya chini. Meno hayo aliyaosha, akayaweka dirishani kwenye kibanda chake wiki mbili mwenyewe aje kuyadai. Hakuja mtu. Nani atakiri?

"Choo si pipa," alikuwa akisema. Alimwambia dereva wa gari la kunyonya majitaka, alimwambia mwenye duka, na asipokuwepo wa kuambiwa aliyaambia mabwawa.

Jina la Bi Chemba alipewa na huyo dereva, kwa sababu mama huyu alikuwa hawezi kupita mfuniko wa chemba ya majitaka barabarani bila kusimama kutega sikio, kama mtu anayesikiliza majirani wakigombana. Jina lilimkaa na wala hakulichukia. Alichokichukia ni watu wa mji. Akiingia dukani na buti zake, wanawake walivuta leso puani, na yeye alisimama pale pale akachagua sabuni taratibu, moja baada ya moja, huku akijisemea kwamba hawa wanaziba pua kwa harufu iliyotoka kwao wenyewe. Nyani haoni kundule, na mji ule ulikuwa na nyani wengi waliovaa vizuri.

Mabwawa yalikuwa manne, yamepangwa kwenye mteremko, kila moja likimwagia la chini yake. La kwanza lilikuwa jeusi na zito, lina utando juu, na ndilo lililoupa upande ule wa mji sifa mbaya. La pili lilikuwa kijani kizito, la tatu kijani cha majani machanga. La nne lilikuwa pana, kina kifupi, limekaa juani tu kutwa nzima, na asiyejua angesema halina kazi. Kumbe kazi yake ndiyo hiyo hiyo ya kukaa: maji yanakaa juani siku nyingi mpaka vijidudu vya magonjwa vinakufa vyenyewe. Yakitoka hapo yanaingia kwenye kijito kinachoshuka hadi kwenye bustani za mboga. Na kwenye bustani ya kwanza kabisa, hatua mia tatu hivi kutoka bwawa la nne, ndipo alipokaa mdogo wake Bi Chemba na watoto wake watatu, na kisima chao kifupi kando ya kijito.

Sasa, siku moja saa nne asubuhi gari jeupe liliingia getini. Akashuka Meneja wa mamlaka ya maji, mtu aliyefika mabwawani mara mbili kwa mwaka na mara zote mbili akatembea kwa ncha za vidole. Leo alikuwa amekumbatia vigingi vya mbao. Nyuma yake akashuka Diwani na futi ya kupimia. Huyu Bi Chemba alimfahamu vizuri. Mwaka wa uchaguzi, fulana kumi na moja zenye picha yake zilikwama kwenye chujio ndani ya wiki moja, na Bi Chemba aliziopoa zote kwa reki, uso baada ya uso.

"Habari za kazi, mama," alisema Diwani.

"Kazi ipo. Mnapima nini?"

"Maendeleo."

"Hayo hayajawahi kufika hapa," Bi Chemba alisema. "Labda mmekosea njia."

Meneja alikohoa. Akaeleza kwamba bwawa la nne litafukiwa kabla ya mvua, na mahali pake patajengwa ukumbi wa harusi na mikutano. Bi Chemba alimtazama, akatazama bwawa la kwanza lililokuwa likitoa mapovu taratibu nyuma yake, halafu akaangua kicheko mpaka akaegemea reki.

"Bibi harusi atashika shada kwa mkono huu," alisema, "na pua kwa mkono huu. Na bwana harusi je, atamshika wapi?"

"Cheka tu," alisema Meneja. "Maji ya bwawa la tatu ni safi. Yamepita kiwango, tena mbali. Kama la tatu linatoa maji safi namna hiyo, la nne lipo kwa kazi gani?"

"Nani kakuambia upuuzi huo?"

"Wewe."

Akamtolea karatasi. Ilikuwa muhtasari wa matokeo ya maabara ya miaka sita, mwezi kwa mwezi, na nyuma yake zimebanwa hati za sampuli. Chini ya kila hati palikuwa na sahihi ya aliyechota, sahihi yenye mkia mrefu, na mkia huo Bi Chemba aliujua kwa sababu alikuwa ameubuni mwenyewe akiwa shuleni. Kicheko kikamkauka mdomoni. Wale mabwana wawili waliondoka kwenda kupiga vigingi, naye alibaki na reki yake akisikia nyundo: ko, ko, ko.

Wacha nieleze habari ya hizo chupa, maana hapo ndipo mkuki ulipochomeka.

Kila mwezi Bi Chemba alitakiwa kujaza chupa tatu: moja ya maji yanayoingia, moja ya bwawa la tatu na moja ya bwawa la nne. Chupa zinawekwa kwenye kasha la barafu, gari linapita, zinakwenda maabara. Chupa ya kwanza ni rahisi, unainama tu kwenye chujio. Hizi mbili za chini zinataka utembee juu ya ubao mpaka katikati, kwa sababu maji ya ukingoni hayasemi ukweli. Na huo ubao wa bwawa la tatu, miaka sita iliyopita, ulivunjika yeye akiwa juu yake. Alizama mpaka kifuani. Alitoka mwenyewe, peke yake, ana kijani mpaka masikioni, akaenda nyumbani akaoga mara nne na bado mdogo wake akamwambia kaa nje kidogo, dada.

Aliandika barua kuomba mbao mbili mpya, maana ubao wa bwawa la nne nao ulikuwa umeoza. Hakujibiwa. Akaandika ya pili. Ya tatu aliiandika kwa herufi kubwa kubwa, akidhani pengine Meneja haoni vizuri. Kimya.

Basi siku ya sampuli ilipofika, Bi Chemba alishikwa na hasira ya kimya kimya, ile mbaya. Alichukua zile chupa mbili akazijaza kwenye bomba la getini, maji yale yale ya mji, yenye dawa na harufu ya dawa. Akaandika hati, akatia sahihi na mkia wake. Hakufanya kwa kuficha. Alifanya ili asutwe. Alitaka mtu mmoja, yeyote, apige simu aseme: wewe mama, maji gani haya? Naye angejibu: ya ubao uliovunjika.

Hakuna aliyepiga. Matokeo yalirudi mazuri ajabu, na ofisini wakafurahi. Mwezi wa pili akajaza tena bombani, na mwezi wa tatu. Kila mwezi aliwadharau zaidi, na kila mwezi dharau ile ilimpendeza kama utamu ulimini. Wapumbavu hawa, hawajui hata kutofautisha maji ya choo na maji ya chai. Mwaka ulipokwisha halikuwa tena jaribio wala hasira. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe: chupa, bomba, sahihi. Ubao ulisahaulika.

Na maji yenyewe je? Hayo aliyajua kwa jicho, au ndivyo alivyosema. Bwawa kijani ni bwawa zima. Vyura walilia, bata wa porini walitua bwawa la nne wakaogelea na vifaranga vyao. Bata hawakai kwenye maji mabaya, alikuwa akisema, na kwa kuwa hapakuwa na mtu wa kumbishia, alishinda ubishi huo kila siku.

Jioni ya siku ile ya vigingi alishuka kwa mdogo wake. Alimkuta anapanga mafungu ya mboga, anayanyunyizia maji ya kisima kutoka kwenye beseni. Kitinda mimba wake, wa miaka mitatu, alikuwa amelala mkekani, macho yamezama.

"Tumbo tena?" Bi Chemba aliuliza.

"Tumbo tena."

"Mwambie aache kula udongo. Nimekuambia mara ngapi?"

Mdogo wake aligeuza fungu jingine. Alikuwa mwanamke mpole, wa kuamini, na Bi Chemba alikuwa amemlea tangu mama yao alipofariki, kwa hiyo alizoea kumwamini yeye kwanza, wengine baadaye. Zamani, alipohamia pale, alikuwa akichemsha maji yote ya kisima kabla ya watoto kunywa. Siku moja Bi Chemba alimkuta juu ya moshi, anakohoa, macho mekundu, akamcheka. Unachemsha maji ya dada yako? Mimi nakaa na haya maji kutwa, napima kila mwezi, yanapita kiwango, na wewe unamaliza kuni kuniaibisha mbele ya majirani? Mdogo wake akaona haya. Akaacha. Majirani nao wakaacha, maana mwenye mabwawa ni dada yake fulani, na mwenye mabwawa kasema.

"Nasikia wanafukia bwawa la chini," mdogo wake alisema. "Kuna hatari yoyote, dada? Maji yatakuja moja kwa moja kutoka la tatu."

Hapo ndipo angesema. Ulimi ulikuwa mdomoni mwake, haujafungwa na mtu. Alilitazama lile beseni, akamtazama mtoto.

"Halifukiwi," alisema. "Niachie mimi."

Kesho yake alikwenda ofisini. Ukutani nyuma ya Meneja palitundikwa vyeti viwili vya mabwawa bora, vina fremu ya dhahabu ya plastiki. Bi Chemba alisimama mbele ya meza akavitazama vyeti hivyo, na aibu ikampanda, lakini dharau ilikuwa imetangulia, ikashika nafasi.

"Kuna makosa kwenye karatasi yako," alisema. "Maji ya bwawa la tatu si safi."

"Makosa ya nani?"

"Ya maabara."

Ndiyo, alisema hivyo. Alimsingizia binti wa maabara ambaye hakuwahi hata kumwona, na alisema bila kupepesa.

"Maabara ina cheti," alisema Meneja. "Mimi nina vyeti viwili. Wewe una nini, mama? Una bata." Alikuwa ameshasikia habari za bata. "Ukiwa na la kusema, mkutano wa wananchi ni Jumamosi. Njoo useme."

"Nitakuja," alisema Bi Chemba. "Nitakuja na kitu."

Njiani kurudi alijipangia yote, akajiona ameshashinda. Jumamosi alfajiri alilala kifudifudi kwenye kipande kilichobaki cha ule ubao uliovunjika, akanyoosha mkono mpaka bega likaingia majini, akachota jagi zima la kioo kutoka bwawa la tatu. Ilikuwa mara yake ya kwanza kuchota hapo kwa miaka sita. Maji yalikuwa kijani, mazito kidogo, yana vitu vinavyotembea. Akalifunika kwa kitambaa cheupe kama mtu anayepeleka maziwa kwa wagonjwa.

Ukumbi wa halmashauri ulijaa. Viti vya plastiki, feni moja inazunguka na moja imegoma. Meza ya mbele waliketi Diwani, Meneja, na msichana mwembamba mwenye miwani ambaye ndiye yule binti wa maabara. Mdogo wake Bi Chemba alikaa nyuma kabisa na majirani zake wa bustanini, kitinda mimba mapajani.

Diwani alizungumza muda mrefu. Alisema mji wetu, alisema fursa, alisema maji safi kupita kiwango. Alipomaliza na kuuliza kama kuna swali, Bi Chemba alisimama, akatembea na buti zake mpaka mbele, akaliweka jagi mezani katikati ya chupa zao za maji ya kununua, na kufunua kitambaa.

"Haya ndiyo maji ya bwawa la tatu," alisema. "Nimeyachota leo. Mheshimiwa, umesema ni safi. Tuonyeshe njia."

Akamimina glasi, akamsogezea.

Watu walicheka mpaka feni iliyogoma ikasahaulika. Mtu mmoja alipiga makofi. Bi Chemba alisimama pale, mikono kiunoni, na akaona raha, raha ya kweli kweli, raha aliyoingoja kwa miaka yote ya soksi na nepi. Waache waone. Waache wanuse.

Lakini Diwani, pamoja na ujinga wake wote, hakufika pale kwa kuanguliwa jana. Aliinua ile glasi akaiangalia kwenye mwanga.

"Rangi hii ni nini?" alimuuliza binti wa maabara.

"Mwani. Vimea vidogo."

"Vinaua?"

"Vyenyewe, hapana."

"Haya. Chai nayo ina rangi." Akaiweka glasi mbele ya Bi Chemba. Akachukua zile hati, akazipanga kama karata. "Mama, sahihi hizi ni za nani?"

"Zangu."

"Zote?"

"Zote."

"Zinasema umechota maji bwawa la tatu, na maabara inasema maji uliyochota ni safi kama ya kunywa. Sasa ama sahihi yako ni ya kweli, basi kunywa wewe uliyetuthibitishia, ama ni ya uongo, basi tuambie. Mimi ni mtu wa siasa tu. Wewe ndiye mtaalamu."

Kicheko kilikoma kwanza mbele, halafu nyuma. Bi Chemba aliitazama ile glasi. Kitu kidogo kilikuwa kikipanda ndani ya maji, kinashuka, kinapanda tena. Mchimba kisima huingia mwenyewe, na yeye kisima chake alikichimba kwa mkono wake, chupa moja kila mwezi, na leo alikuwa amekileta mezani kimefunikwa kitambaa cheupe. Akaisogeza glasi mbali kidogo.

"Kumbe," mtu alisema.

Ndipo kiti kikasogezwa nyuma. Mdogo wake alikuwa amemkabidhi mtoto kwa jirani, anakuja mbele kwa hatua fupi fupi, mwanamke ambaye hakuwahi kusema neno kwenye mkutano wowote maishani mwake.

"Dada yangu si mwongo," alimwambia Diwani. "Huwezi kumwita mwongo mbele za watu. Kama karatasi yake inasema maji ni safi, ni safi. Wanangu wanakunywa maji ya dada yangu miaka minne sasa. Hata hili bwawa akitaka libaki, ana sababu zake. Nipe mimi."

Na akaichukua glasi.

Bi Chemba alimdaka mkono glasi ikiwa kidevuni. Maji yalimwagika kwenye meza, kwenye zile hati, kwenye suruali ya Meneja.

"Weka chini," alisema.

"Dada, niache, nataka waone."

"Weka chini, nakuambia. Ni uongo." Sauti yake ilitoka ndogo, halafu ikatoka kubwa mno. "Ni uongo wote. Sijachota bwawa la tatu miaka sita. Wala la nne. Nilijaza chupa bombani. Bomba la getini. Maji mnayopima ni maji ya bomba."

Mzee mmoja wa mstari wa mbele akaanza kucheka peke yake, akashindwa kujizuia, akatolewa nje.

"Bombani?" Meneja alisema. Alikuwa anafuta suruali kwa ile karatasi ya muhtasari.

"Ubao ulivunjika. Nilikuandikia barua tatu."

"Kwa hiyo miaka sita nimekuwa nikipima maji ya bomba," alisema binti wa maabara polepole.

"Na hukujiuliza?" Bi Chemba alimrukia. Alishukuru kupata wa kumdharau, walau mmoja. "Maji ya choo yana harufu ya dawa ya bomba, na wewe umesoma, hukujiuliza?"

"Nilijiuliza. Nilipiga simu ofisini. Niliambiwa matokeo mazuri hayaulizwi." Hakumtazama Meneja aliposema hivyo, na hakuhitaji, maana wengine wote walimtazama.

Mdogo wake alikuwa bado amesimama na glasi iliyobaki nusu. Aliiweka mezani kwa uangalifu, mahali pakavu, akajifuta vidole kwenye gauni kimoja kimoja. Akaenda nyuma akamchukua mtoto wake kwa jirani. Bi Chemba alimwita kwa jina la utotoni ambalo hakulitumia tangu mama yao alipokuwa hai. Mlango ukafungwa.

Bwawa halikufukiwa. Vigingi viling'olewa Jumatatu, na Diwani akatangaza kwamba yeye tangu mwanzo alikuwa na wasiwasi. Vile vyeti viwili vilitoweka ukutani kwa Meneja vikaacha alama mbili nyeupe, lakini mwenyewe alibaki, maana watu wa namna ile hubaki. Bi Chemba alisimamishwa kazi kwa barua ya mistari mitatu. Hilo ndilo jibu lake la kwanza kutoka ofisi ile, alisema dereva wa gari la kunyonya, na hilo lilikuwa kweli. Na Jumanne fundi seremala alifika mabwawani na mbao mbili mpya, nzito, zimepakwa dawa ya mchwa. Barua tatu na miaka sita hazikuleta ubao. Aibu ya nusu saa iliuleta.

Binti wa maabara alikuja mwenyewe kuchota. Bi Chemba alimtazama kutoka nje ya uzio, kama mpita njia yeyote. Msichana alitembea juu ya ubao mpya, akapiga magoti katikati, akazamisha chupa mdomo ukiwa chini, akaigeuza chini ya maji, akaifunga. Alifanya vizuri. Bi Chemba alitafuta kosa la kumcheka, hakuliona.

Wiki iliyofuata msichana alimfuata nyumbani na karatasi. Hakulazimika kufanya hivyo.

"Bwawa la tatu ni baya," alisema. "Kama ulivyosema. Bila la nne, hali ingekuwa mbaya sana huko chini. Umeliokoa."

"Nilijua. Na la nne?"

"La nne ni afadhali."

"Afadhali ndiyo nini? Zuri?"

"Si zuri. Maji yake yanafaa kumwagilia miti. Si ya kunywa, wala ya kuoshea mboga." Msichana alivua miwani, akaifuta. "Tope limejaa chini ya mabwawa yote, maji yanapita haraka, hayakai juani siku za kutosha. Limejaa kwa miaka. Sampuli za kweli zingeonyesha tangu mwaka wa kwanza au wa pili, tope lingetolewa."

"Lakini bata," alisema Bi Chemba.

"Bata hawaumwi na kinachomuumiza mtoto."

Alishuka kwa mdogo wake mchana huo kwa miguu, bila buti, jua kali. Ilikuwa mara ya kwanza tangu mkutano. Mdogo wake alikuwa uani, amechuchumaa mbele ya mafiga, sufuria kubwa ya kupikia shughuli imejaa maji mpaka juu, moshi unamwingia machoni. Kando yake kulikuwa na kuni nyingi, zimepangwa. Kitinda mimba alikaa kwenye kivuli akimenya kijiti, miguu myembamba imenyooka mbele.

Bi Chemba alimsomea ile karatasi yote, mpaka mwisho. Hakuruka chochote. Mdogo wake alisikiliza huku anasukuma kuni ndani.

"Nilikuwa nachemsha," alisema hatimaye. Hakupandisha sauti. "Nilikuwa nachemsha kila siku, dada. Mpaka wewe uliponicheka."

Bi Chemba alikuwa na jibu kwa kila mtu. Kwa Meneja alikuwa nalo, kwa Diwani, kwa wanawake wa dukani na leso zao, kwa mji mzima na vijiko vyake. Koo lilikuwa limekauka kwa safari na kwa kusoma. Akanyoosha mkono akachukua kikombe cha bati kwenye kifuniko cha ndoo ya maji ya kisima, kama alivyofanya kila alipofika pale, akainamia ndoo achote.

Mdogo wake alimpokonya kikombe mkononi, taratibu, akakipindua juu ya jiwe.

"Ngoja," alisema. "Hayajachemka."

Bi Chemba akavuta kigoda, akakaa karibu na mtoto, akangoja.